UZI: Bustani ya bonde la Msimbazi itazuia mafuriko Jangwani, au masika yataibeba na yenyewe?

Mwana wa Mchikichini (#1)

Wakuu, habari zenu.

Masika yakikolea hapa Dar es Salaam, barabara ya Morogoro inafungwa pale Jangwani. Mtu wa Kimara anayewahi duka lake Kariakoo anashushwa Magomeni Mapipa na kuanza kutafuta bodaboda ya kuzungukia Salender. Mwaka 2018 maji yaliingia mpaka kwenye karakana ya mabasi ya mwendokasi. Na Desemba 2011 hakuna aliyeisahau: watu wapatao 40 walikufa jijini, familia za bondeni zikahamishiwa Mabwepande.

Sasa kuna mradi wa Bonde la Msimbazi. Mto unapanuliwa, mchanga unachimbwa, udongo huohuo unatumika kuinua kingo kwa matuta, linajengwa daraja jipya la mita 390, na eneo lote la katikati linakuwa bustani ya jiji. Benki ya Dunia imetoa dola milioni 200.

Swali langu: mnaamini bustani inaweza kufanya kazi ya mtaro? Mimi naamini, tena naona tumechelewa. Mtaro wa zege unayakimbiza maji na kumtupia jirani wa chini. Bonde pana lenye nyasi na matete linayapunguza kasi, linayahifadhi mpaka bahari iwe tayari kuyapokea. Lakini nikisema hivi mtaani naambiwa huo ni urembo, tujengewe ukuta yaishe. Tujadiliane kwa hoja.

Kisiki Kibichi (#2)

Nakurekebisha kwenye hela tu, mkuu. Milioni 200 ni jumla yake. Benki ya Dunia mkopo wa milioni 120, Uhispania mkopo wa milioni 50, Uholanzi msaada wa milioni 30. Sehemu kubwa ni deni, kwa hiyo tuna kila haki ya kuuliza bustani hiyo inafanya nini.

Tope la Kigogo (#3)

Tatizo la Msimbazi ni mchanga. Mengine yote yanafuata.

Nyumba yetu mzee aliijenga juu ya msingi wa ngazi tatu. Nikiwa mdogo nilikuwa nakaa ngazi ya juu nikiangalia mto kwa chini. Miaka ikaenda, mchanga ukapanda, tukafika mahali pa kuteremka kuingia sebuleni. Hakuna aliyeishusha nyumba, ni ardhi ya nje ndiyo iliyopanda. Nenda pale ukingo ulipokatika uangalie ubavu wake: mchanga, chini yake mifuko ya plastiki iliyobanwa, chini yake mchanga tena, halafu vitambaa na kandambili. Kila safu ni mafuriko ya mwaka fulani.

Mto ambao tumbo lake limejaa mchanga hauna pa kuweka maji. Hata ukipanda bustani nzuri kama ya peponi, usipozuia mchanga huko juu, baada ya misimu michache majani yote yatakuwa chini ya mchanga.

Bamvua (#4)

Heshima kwako #3, ila wengi mnaangalia mto kutokea juu tu. Uangalieni kutokea baharini.

Msimbazi unaingia bahari pale Salender, na mdomo wake ni mwembamba. Mvua ikinyesha Pugu na Ubungo huku bahari imekupwa, maji yanapita na mjini hamsikii kitu. Mvua ileile ikikutana na bamvua, bahari inakuwa juu, mto hauna pa kwenda, unarudi nyuma mpaka Jangwani na Hananasif. Wavuvi wa Msasani wanaangalia mwezi kwanza, ndipo wanakuambia leo mjini kutakuwaje.

Kwa hiyo hoja ya mleta uzi mimi naiunga mkono. Ukijenga kuta ndefu za zege, bahari ikijaa utakuwa umetengeneza tangi. Lazima pawepo mahali pa maji kusubiri saa kadhaa mpaka bahari ipwe. Mahali hapo ndiyo bustani.

Mama Wawili Tabata (#5)

Mchanga, bahari, sawa. Na taka je?

Sisi wa Tabata tuna historia na hili jambo. Mwaka 1988 wakazi wa huku waliishtaki halmashauri ya jiji kwa sababu ya dampo, moshi na harufu, wakashinda. Jiji likaenda kumwaga Kunduchi Mtongani, nako wakazi wakaenda mahakamani, mwaka 1991 wakashinda. Baada ya hapo taka zikahamia Vingunguti, bondeni kabisa. Wanafunzi wa sheria ya mazingira wanazisoma kesi hizo mpaka leo. Dampo lilikuwa likihamishwa kutoka kwa wenye wakili kwenda kwa wasio na wakili, na mto ndio haukuwa na wakili kabisa.

Ninachotaka kusema: watu hawakuamka siku moja wakauona mto kuwa jalala. Waliona mamlaka inamwaga, nao wakamwaga.

Kisiki Kibichi (#6)

#5 hapo umegonga penyewe. Asante mama.

Wa Ngara (#7)

Salamu kutoka Nairobi. Naomba niwape kisa chetu.

Hapa kando ya mto Nairobi, karibu na barabara ya Kijabe, kulikuwa na gereji za jua kali, mafuta machafu yanamwagika moja kwa moja mtoni. Marehemu John Michuki alipokuwa Waziri wa Mazingira alianzisha usafi wa mto, na mwaka 2020 mahali pale pakafunguliwa bustani yenye jina lake. Ni pazuri, wanafunzi wanakuja kusoma, maharusi wanapiga picha. Lakini mto unaopita katikati bado unanuka. Ukingo umetengenezwa, maji hayajatengenezwa.

Halafu mafuriko ya Aprili na Mei 2024 yakaua watu Mathare, serikali ikaamuru kila mtu aliye ndani ya mita 30 kutoka mtoni ahame. Nyumba za mabati zikabomolewa Mathare na Mukuru. Maghorofa kadhaa yaliyo karibu na mto kuliko hizo nyumba bado yamesimama. Machi 2025 ukazinduliwa mradi mwingine mkubwa wa kilomita 27 za mto. Mimi nauombea heri, kwa sababu mto ni wetu. Ila ukianza kwa tingatinga, watu hawatailinda bustani yako.

Dogo Planna (#8)

Wakuu mnazunguka. Jibu lipo Seoul. Cheonggyecheon! Walibomoa barabara ya juu, wakaufukua mto uliokuwa umefunikwa kwa zege, ukarudi na maji yake safi ya asili, samaki wakarudi. Kilomita karibu 6, kuanzia 2003 mpaka 2005. Miaka miwili tu! Sisi kikwazo chetu ni utashi wa viongozi.

Mandhari (#9)

Dogo Planna, kwenye "maji yake safi ya asili" sikubaliani nawe. Nimesomea usanifu wa mandhari, huo mto tuliusoma kwa kina. Sehemu kubwa ya mwaka mkondo wake wa asili ni mkavu. Maji unayoyaona yanavutwa kwa pampu, mengi kutoka mto Han, kama tani 120,000 kila siku. Pampu zikizimwa, unabaki na mfereji mzuri usio na maji. Na wachuuzi waliokuwa chini ya ile barabara walihamishwa, wengi hawakufurahi.

Sisemi ni kazi mbaya. Wamepata ubaridi katikati ya jiji, wamepata mahali pa kutembea kwa miguu, na meya aliyeisimamia, Lee Myung-bak, mwaka 2008 akawa Rais wa nchi. Lakini kwa shida ya Dar nisingeuchukua mto huo kuwa mfano.

Mfano wetu ni Singapore, bustani ya Bishan-Ang Mo Kio. Mto Kallang ulikuwa mfereji mnyoofu wa zege, kilomita 2.7. Wakauvunja, wakautengenezea kona kona mpaka ukafika kilomita 3 ndani ya bustani ya hekta 62, ikafunguliwa 2012. Mkondo uliokuwa na upana wa mita 17 mpaka 24 sasa ukifurika unatanuka mpaka karibu mita 100. Siku ya kawaida watoto wanaruka kwenye mawe, siku ya mvua kubwa uwanja wote ni mto. Kuna vipimo vya kina, taa na ving'ora vya kuwatoa watu maji yakianza kupanda.

Na kingo hawakuzijenga kwa kubahatisha. Walichukua kipande cha mita 60 cha mfereji wa pembeni, wakajaribu mbinu kumi: vifurushi vya matawi vilivyofungwa kwa kamba na kulazwa ukingoni, makasha ya waya yenye mawe na mimea katikati, mikeka ya matete. Wakaangalia ipi mizizi yake inashika udongo kwenye mvua za kitropiki. Hili ndilo ninalolitamani kwetu: tupate kipande kidogo cha mto, tujaribu matete yetu, ukoka wetu, mikoko yetu kule chini, kabla ya kumwaga mabilioni.

Dogo Planna (#10)

Mandhari, shukrani. Sasa hapo kwenye ving'ora na betri zake nani atazilinda zisiibiwe?

Mandhari (#11)

Watu wanaoiona bustani ni yao. Hakuna mlinzi mwingine.

Zege Daima (#12)

Mimi ni mhandisi, nitasema msichotaka kusikia. China walianza majaribio ya hii falsafa ya miji ya sponji, yaani mji unaonyonya maji ya mvua kama sponji, mwaka 2015, wakaanza na miji 16, kisha wakaongeza. Zhengzhou nao ulikuwa ukijengwa kwa falsafa hiyo. Julai 2021 ilinyesha milimita 201.9 ndani ya saa moja. Watu walikufa ndani ya treni ya chini ya ardhi. Nyasi na matete hayakuzuia.

Bustani ni nzuri kwa mvua za kawaida. Mvua ya kuua inahitaji uwazi mkubwa chini ya daraja, mkondo wenye kina na mitaro ya pembeni inayofanya kazi. Msiwaahidi watu wa Jangwani kitu ambacho majani hayawezi.

Mandhari (#13)

Mkuu Zege, hakuna mfereji wa zege mjini unaosanifiwa kwa milimita 200 ndani ya saa moja. Kipimo hicho kinaangusha falsafa zote mbili.

Profesa Kongjian Yu, aliyeisukuma hiyo fikra China mpaka akafariki kwa ajali ya ndege Brazil Septemba 2025, hakufundisha kupanda majani tu. Tazama bustani yake ya Qunli kule Harbin, hekta 34. Kinamasi cha katikati alikiacha kama kilivyo. Pembeni yake akachimba madimbwi, udongo uliotoka akaurundika kuwa vilima palepale. Maji ya mtaa yanaingia kwenye madimbwi kwanza, yanatulia, uchafu unazama, ndipo yanaingia kinamasini. Watu wanatembea juu kwenye madaraja membamba. Huo ni uhandisi wa udongo na kina, na hesabu zake ni ngumu kama zako.

Zege Daima (#14)

Nakubali hesabu. Matunzo ndiyo yananitia shaka. Zege likisahauliwa miaka mitano bado ni zege. Dimbwi likisahauliwa miaka mitano ni kiwanda cha mbu.

Bamvua (#15)

Zege likisahauliwa miaka mitano linajaa mchanga na chupa, mkuu. Njoo nikuoneshe mitaro ya Mwananyamala.

Kijani na Njano (#16)

Mimi naomba jambo moja tu. Klabu yetu ya Yanga ipo palepale Jangwani, uwanja wa Kaunda umelala kwenye maji tangu tuko vijana. Mradi huu ukifanikiwa Wananchi tutafanya mazoezi nyumbani. Mungu awabariki wasanifu.

Mnyama Mkali (#17)

Bonde ni la Msimbazi, na Msimbazi mnajua wenyewe ni akina nani. Mtapewa kona ya kufugia vyura.

Kijani na Njano (#18)

Vyura ndiyo sisi wenyewe mkuu, na mwaka huu tunakumeza tena 😂

Mama Wawili Tabata (#19)

Watani turudini kwenye mada, tafadhali.

Isar kwa Miguu (#20)

Habari wakuu, nipo Munich, ni msomaji wa kimya wa jukwaa hili. Hapa kuna mto Isar. Walifanya kazi kuanzia 2000 mpaka 2011 kwenye kilomita 8 za mjini, kwa yuro kama milioni 35. Kingo za zege zikang'olewa, mkondo ukatanuliwa, matuta ya mafuriko yakaimarishwa, kukawa na fukwe za kokoto. Kiangazi mji mzima uko mtoni, watu wanachoma nyama.

Wa Ngara ametaja jambo la msingi: ukingo umetengenezwa, maji hayajatengenezwa. Hapa mitambo ya majitaka iliyoko juu ya mto iliwekewa taa za mionzi ya kuua vijidudu wakati wa kiangazi, ili mtu aoge bila kuugua. Bila hivyo fukwe zingekuwa za kutazama tu. Mimi kila nikiona watoto wanavyopiga mbizi hapa nawaza wale wanaochezea maji ya Msimbazi pale Mkwajuni. Hao wa Mkwajuni ndio wanaonipa haraka kuhusu mradi huu.

Binti Mchicha (#21)

Na sisi tunaolima je?

Mama yangu amelima mchicha na matembele bondeni, ndiyo karo zetu zilikotoka. Tunajua watu wanasema mboga za Msimbazi zina madini ya viwandani, na kuna wataalamu waliopima na kuyakuta. Sipingani nao. Lakini kila picha ya mradi niliyoiona ina mtu anakimbia na viatu vya mazoezi, mwingine anaendesha baiskeli. Sijaona mama mwenye jembe. Wa kulima hahesabiwi kama mtumiaji wa bustani?

Na kuhusu fidia, jirani zetu walipewa hela, wakaambiwa wahame, nyumba zikabomolewa. Wengine wamepata pa kwenda, wengine wamepanga bonde jingine. Mtu aliyehamishwa kutoka Msimbazi akajenga kwenye bonde la Mzinga, mafuriko yamehamishwa pamoja naye.

Wa Ngara (#22)

Binti Mchicha, Kibera kuna shirika linaitwa Kounkuey Design Initiative. Wanatengeneza maeneo ya umma kando ya mto Ngong pamoja na wakazi. Eneo moja linaweza kuwa na ukingo wa mawe, daraja la kuvukia, mahali pa watoto, na papo hapo kikundi kina kazi ya kukipatia kipato cha kulitunza. Ni maeneo madogo madogo, sio bustani moja kubwa. Wakulima wakiwekwa ndani ya mpango namna hiyo, wao ndio watakuwa wa kwanza kukuambia ukingo umepasuka.

Mandhari (#23)

Hata Msimbazi mpango ulianza kwa vikao vya pamoja, Januari mpaka Agosti 2018, wakazi, wahandisi, taasisi za serikali, wote kwenye meza moja na ramani. Binti Mchicha yuko sahihi kuuliza sauti ile ilipotelea wapi kati ya kikao na mchoro.

Ingabire wa Kigali (#24)

Kwetu Nyandungu, hekta 121 za kinamasi, imefunguliwa 2022. Mafunjo, madimbwi, njia za baiskeli, ndege wengi. Viwanda vya Gikondo navyo viliondolewa kinamasini. Unalipa kiingilio, ndiyo maana pako safi.

Binti Mchicha (#25)

Kiingilio kikiwekwa Jangwani, mtoto wa Kigogo ataingia na nini?

Ingabire wa Kigali (#26)

Hapo sina jibu dada. Lakini mshahara wa mfagiaji lazima utoke mahali.

Mja wa Mji Mkongwe (#27)

Nami niwaambieni ya Forodhani. Mwaka 2009 ilitengenezwa upya na mfuko wa Aga Khan wa utamaduni: ukuta wa bahari, taa, miti ikaachwa, na wenye mishikaki, urojo na miwa wakapangiwa pahala pao. Hakuna kiingilio. Usiku wa leo ukienda utakuta Mzungu, mtoto wa Ng'ambo na bibi wa Shangani wamekaa ukuta mmoja. Wachuuzi wakiondoshwa, pale hapana Forodhani. Basi nyinyi wa Dar mkichora, muwachoree na wauza mihogo.

Na kule Darajani palikuwa na hori la bahari lililoutenga mji. Wakalifukia zama za ukoloni. Mvua kubwa ikija, maji bado yanayajua makazi yake ya zamani.

Ramani Kuu (#28)

Ningependa kuongeza jambo ambalo hakuna aliyeligusa. Hili la kuacha mabonde wazi si geni. Mpango mji wa Dar wa 1949 uliacha mabonde yawe njia za upepo kati ya sehemu za mji. Nia yake ilikuwa ya kikoloni, kutenga makazi ya watu kwa rangi, lakini bonde lilibaki wazi. Mpango wa 1979 nao uliona bonde la Msimbazi si mahali pa kujenga. Kwa hiyo msilaumu mchanga, bahari au taka. Ramani ilikuwepo. Viwanja viligawiwa na kuuzwa juu yake, leseni za makazi zikatolewa, umeme ukavutwa. Tatizo ni usimamizi wa ardhi.

Tope la Kigogo (#29)

Ramani Kuu, mzee wangu alinunua kwa mashahidi na mjumbe. Ramani hiyo aione wapi?

Ramani Kuu (#30)

Ndiyo ninachosema, mkuu. Hakuoneshwa, na aliyekuwa nayo alinyamaza.

Mwana wa Mchikichini (#31)

Nashukuruni wote. Bamvua na Mandhari mmenipa hoja ya kwenda nayo mtaani. Zege Daima, suala la mbu nalichukulia kwa uzito wote, watoto wetu ndio watakaoumwa. Nina swali kwa #3: mchanga unaosema unatoka wapi hasa? Mbona Pugu kuna msitu?

Kazimzumbwi (#32)

Nijibu mimi, ni mtu wa Kisarawe. Msitu wa Pugu na Kazimzumbwi upo, lakini umeliwa pembeni na mkaa miaka mingi. Shuka kuelekea Gongo la Mboto na Kinyerezi: vilima vyote vimekatwa viwanja, udongo mwekundu uko wazi, kila mvua unashuka. Halafu kuna wanaochimba mchanga mtoni kwenyewe, kingo zinaporomoka, mto unatanuka mpaka nyumba zinaning'inia.

Lakini wachimbaji nao tusiwafukuze kwa upofu. Mchanga unaoshuka lazima utolewe na mtu. Pachimbwe mabwawa machache ya kuunasa kabla haujafika mjini, vikundi vipewe vibali vya kuchota hapo tu na kuuza, kwingine kote marufuku. Mto unasafishwa na mtu anapata mkate.

Zege Daima (#33)

Hilo la mabwawa ya kunasa naliunga mkono asilimia mia. Sharti moja: barabara ya lori ifike mpaka kwenye bwawa kiangazi na masika, la sivyo litajaa msimu wa kwanza tu.

Tope la Kigogo (#34)

Na vibali atoe nani? Mkisema mtaa, mwenyekiti atawapa ndugu zake. Mkisema wizara, kijana wa Kinyerezi hatafika huko.

Kazimzumbwi (#35)

Mtaa na ofisi ya bonde la maji kwa pamoja, majina yabandikwe ofisini kila mtu ayaone. Kuna mwenye wazo bora zaidi alete.